Homoni Inapoachia Breki: Seli za Mmea Zinavyojihami Ndani ya Chupa

Tuanze na chupa yenyewe. Ina ujazo wa mililita 250, na ndani mna mililita 50 za maji ya lishe yenye seli za mmea, zinatikiswa usiku na mchana katika nyuzijoto 25. Hakuna mdudu anayetafuna wala kuvu. Hata hivyo, zikitiwa methili jasmoneti, homoni ya mmea inayotoa ishara ya hatari, seli hizo huanza kutengeneza kemikali za kujihami kana kwamba zimevamiwa.

Wengi hudhani homoni ndiyo inayowasha jeni. Sivyo. Dereva wa jeni hizo, protini MYC2, yumo ndani siku zote. Kinachomzuia ni protini za kundi la JAZ, ambazo ndizo breki. Methili jasmoneti ikishaingia, seli huigeuza kuwa asidi ya jasmoniki, kisha kimeng'enya JAR1 huiunganisha na isoleusini, aina ya asidi amino. Muungano huo ndio unaozigandisha JAZ kwenye protini COI1. JAZ iliyonaswa hutiwa alama ya yubikwitini, yaani protini ndogo inayoashiria cha kutupwa, proteasomu (mashine ya seli ya kusaga protini) huisaga, na MYC2 anabaki huru. JAZ zilitambuliwa mwaka 2007. COI1 ilijulikana kitambo, ila haikueleweka inamkamata nani.

Utamu wake uko hapa: miongoni mwa jeni anazoziwasha MYC2 zimo za JAZ zenyewe. Yaani breki mpya huanza kufungwa gari likiwa bado linakwenda.

Jeni huitika ndani ya saa chache, lakini zao lenyewe, kwa mfano paklitakseli, dawa ya saratani, katika seli za mti wa Taxus, huchukua siku kadhaa. Anayepima kesho yake na kusema jaribio limefeli amekimbilia hukumu.

Sasa vipimo. Methili jasmoneti ni ya mafuta-mafuta, haichanganyiki vizuri na maji. Yeyusha miligramu 22.4 katika ethanoli hadi ifike mililita 1. Hapo una milimola 100 kwa lita. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 kinachohimili ethanoli. Mikrolita 50 katika chupa yetu zinatoa mikromola 100 kwa lita, na ethanoli haizidi asilimia 0.1. Chupa ya ulinganisho nayo itiwe mikrolita 50 za ethanoli tupu. Ukiiacha bila kitu, hutajua kilichofanya kazi ni homoni au ni pombe.

Usitie homoni siku ya kwanza. Jasmoneti hupunguza kasi ya seli kugawanyika, kwa hiyo ukiwahi utapata zao zuri kwa gramu na hafifu kwa chupa nzima. Subiri ukuaji wa kasi ukaribie kuisha. Angalia pia 2,4-D, oksini (homoni ya ukuaji) ya kutengenezwa, iliyomo kwenye lishe: katika seli za mmea wa Catharanthus, hukandamiza alkaloidi, ambazo ni kemikali za kujihami, na kuongeza jasmoneti juu yake ni kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

Kosa linalowaponyoka hata wazoefu ni mvuke. Farmer na Ryan walionyesha mwaka 1990 kwamba mvuke wa methili jasmoneti peke yake huamsha ulinzi katika majani ya nyanya. Basi chupa za ulinganisho zikikaa kwenye kabati moja na zilizotiwa homoni, nazo huamka, na tofauti uliyoitafuta inayeyuka. Zitenge.

Seli zikigeuka kahawia, usishangilie wala kulia. Huenda ni fenoli za kujihami, huenda zimekufa. Dondoshea rangi ya Evans blue, suuza, kisha tazama kwa hadubini: mfu hunywa rangi ya buluu, hai huikataa.