Akili, Neema na Jirani: Ukatoliki Mbele ya Othodoksi Radikali

Tumsifu Yesu Kristo. Waheshimiwa mapadre, masista, makatekista, vijana wa parokia, nanyi ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, assalaam alaykum, karibuni sana.

Mkondo wa teolojia ninaouzungumzia jioni hii ulizaliwa Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, na waanzilishi wake, John Milbank, Catherine Pickstock na Graham Ward, ni Waanglikana. Unaitwa Othodoksi Radikali, jina lisilohusiana na Makanisa ya Kiothodoksi ya Mashariki; muradi wake ni kuirudia mizizi, hasa Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, Milbank alidai kwamba usekulari, yaani lile eneo la maisha linalodhaniwa kuwa halina Mungu wala upande, halikuwapo tangu mwanzo likingoja dini iondolewe ndipo lionekane; lilibuniwa, tena kwa msaada wa wanateolojia wenyewe. Kwa wanafalsafa wa usasaleo, yaani wale wanaoutilia shaka usasa na madai yake ya ukweli kwa wote, alichukua shaka yao kwamba kila elimu, hata sosholojia na uchumi, imejengwa juu ya simulizi fulani ya ulimwengu. Akaongeza kwamba simulizi zao zote huishia kwenye nguvu na mapambano, na kwamba ya Kikristo peke yake huanza na amani, kwa kuwa Mungu huumba kwa kutoa.

Dai la kwanza halitushangazi sisi wa Unguja na Pemba. Dalali wa samaki pale Darajani anaapa kwa jina la Mungu juu ya bei, mwenye duka anafungua mlango kwa Bismillahi, mirathi inapelekwa kwa kadhi, na hapa Shangani kengele za kanisa kuu letu, Minara Miwili, zinalia katikati ya misikiti. Hakuna anayedhani kwamba biashara ina chumba chake na Mungu ana chake. Hata wazo la kuunganisha altare na jamii lina historia visiwani: Frank Weston, Askofu Mwanglikana wa Zanzibar tangu 1908 hadi kifo chake mwaka 1924, aliwaambia waumini waliokusanyika London mwaka 1923 kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabernakulo ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya mafukara. Alikuwa amekwisha kupinga hadharani kazi ya shuruti iliyowaelemea Waafrika chini ya serikali ya kikoloni. Milbank anapofundisha kwamba Ekaristi ni msingi wa uchumi wa haki, anatembea katika njia ileile.

Ukatoliki nao ulikuwa umekwisha kuandaa uwanja. Mjesuiti Mfaransa Henri de Lubac, mwaka 1946, alipinga fundisho la kwamba binadamu ana maumbile yaliyojitosheleza, ambayo neema huja kuwekwa juu yake kama ghorofa ya pili. Kwa de Lubac, moyo wa mtu umeumbwa ukiwa tayari unamtamani Mungu, ingawa kumwona Mungu kunabaki zawadi tupu. Mwaka 1950 Papa Pio wa XII, bila kumtaja mtu, aliwaonya wanaoharibu ubure wa zawadi hiyo. De Lubac alinyamazishwa kwa miaka kadhaa, kisha akaitwa kuwa mtaalamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na mwaka 1983 akafanywa kardinali. Milbank anamtegemea sana.

Hata hivyo, Mkatoliki hawezi kumfuata Milbank hadi mwisho. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulitamka kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa hakika kwa mwanga wa asili wa akili ya binadamu, kupitia viumbe vyake. Mtaguso wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha katika hati yake Gaudium et Spes kwamba mambo ya dunia yana sheria zake halali ambazo akili huzigundua, mradi isidaiwe kwamba hayamtegemei Muumba. Naona mafundisho haya mawili yanagusa pale mkondo huu ulipo dhaifu. Ukisema kwamba nje ya simulizi ya Kikristo kuna vurugu tupu, utamweka wapi jirani? Sisi tunaijua vurugu: mwaka 2013 Padre Evarist Mushi alipigwa risasi hapa Zanzibar akienda kuadhimisha Misa ya Jumapili. Kwa sababu hiyohiyo hatuna ruhusa ya kuifanya imani ya jirani kuwa jina jingine la vurugu.

Juu ya Mwenyeheri Yohane Duns Scotus, mwanateolojia Mfransisko wa Zama za Kati, ambaye Othodoksi Radikali inamlaumu kwa kumweka Mungu na viumbe chini ya wazo moja la kuwapo, nitasema tu kwamba wataalamu wengi wamejibu kuwa amesomwa vibaya.

Kilicho kizito zaidi ni Thoma mwenyewe. Mwanzoni mwa kitabu chake Summa contra Gentiles anasema kwamba na Waislamu hatuwezi kujadiliana kwa kutumia Agano Jipya, kwa hiyo inabidi kuirejea akili ya asili, ambayo wote wanalazimika kuikubali. Tena fundisho lake kwamba viumbe hushiriki kuwapo, wakati Mungu ndiye kuwapo kwenyewe, fundisho ambalo Othodoksi Radikali inalipenda kuliko yote, linategemea tofauti kati ya kiini cha kitu, yaani kitu hicho ni nini, na kuwapo kwake, ambayo Thoma aliisoma kwa Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu. Milbank anaweza kujibu kwamba akili ya Ibn Sina nayo ilishiriki mwanga wa Mungu. Nakubali kabisa. Lakini akijibu hivyo, amekwisha kukiri kwamba mwanga huo ulizaa ukweli katika akili ya mtu asiyesimulia habari zetu, na kwamba Kanisa liliuhitaji ukweli huo ili kuieleza imani yake.