Ulimi Kwenye Kona: Mhadhara Kuhusu Visanduku Vidogo vya Mbao

Mabibi na mabwana, kabla sijaanza, naomba kisanduku hiki kipitishwe mkononi. Kishikeni, kifungueni, kinuseni mkipenda, ila macho yenu yabaki kwenye kona. Kila kona ina vistari vyeusi vitatu vinavyoanzia upande mmoja na kupinda kwenda upande wa pili. Wengi wakiviona hudhani ni urembo uliobandikwa mwisho. Nimekuja kuwatoa katika dhana hiyo. Vistari hivyo ni ndimi, vipande vyembamba vya mbao vilivyopachikwa konani. Ndivyo vinavyoshikilia kisanduku, na huamuliwa kabla ubao haujaguswa na msumeno.

Jambo moja la lugha kwanza. Shuleni tulifunzwa kusema nyuzi 45. Leo nitasema digrii, kwa sababu neno nyuzi nalihitaji kwa nyuzi za mbao, na nikiyachanganya haya mawili mtatoka hapa na visanduku vya ajabu sana.

Kona ya mshazari ni kona yenye maringo. Mbao mbili hukatwa digrii 45 kila moja, zikikutana zinatimiza 90, na kichwa cha ubao, yaani ncha yake iliyokatwa kuvuka nyuzi, hakionekani popote. Michirizi ya mti inazunguka kisanduku bila kukatika. Ni kona safi, lakini ni miongoni mwa zilizo dhaifu. Ubao ni kitita cha mirija myembamba iliyolala upande mmoja, ndizo nyuzi zenyewe. Ukiipaka gundi ubavuni, inashika vizuri, mara nyingi kuliko mti wenyewe. Ukiipaka kichwani, mirija imeachama, inainywa gundi na kuacha kiungo kikavu. Mkato wa mshazari uko katikati ya hayo mawili, na nusu ya tabia yake ni ya kichwa.

Hapo ndipo ulimi unapoingia. Unakata mfereji mwembamba unaovuka kona kutoka nje, kisha unapachika ndani yake kipande chembamba cha mbao kilichopakwa gundi. Sasa ubavu unagusa ubavu, na gundi imepata pa kushika. Lakini nyuzi za ulimi lazima zivuke kona, zitoke ubao huu ziingie ule. Mafundi wanaoanza huona ulimi ni pembetatu ndogo tu, wakadhani ukikaa vyovyote ni sawa. Visanduku vyangu viwili vya kwanza nilipachika ndimi zenye nyuzi zinazoelekea ndani ya kona. Vilipendeza. Kimoja kilipoanguka kutoka mezani, ndimi zote za kona moja zilipasuka katikati kama biskuti, na kiungo kikafunguka palepale kilipokuwa dhaifu tangu mwanzo.

Tuchukue vipimo. Ubao wenye unene wa milimita 10 unatosha kwa kisanduku cha kuwekea vito au barua. Ukiukata mshazari, kutoka ncha ya nje ya kona hadi ncha ya ndani ni milimita 14 na kidogo. Mfereji usifike huko, la sivyo utatokea ndani. Mimi nakata kina cha milimita 10. Hesabu inakupa zawadi hapa: kwa kina hicho, kistari kinachoonekana kila upande kina urefu wa milimita 14. Ukitaka kistari kirefu zaidi, ongeza unene wa ubao. Ukikitaka kifupi, punguza kina, lakini jua umepunguza pia mahali pa gundi.

Upana wa mfereji huamuliwa na meno ya msumeno. Misumeno mingi ya meza hukata njia ya milimita 3 hivi. Tatizo ni sakafu ya mfereji: meno yaliyochongwa kwa mteremko huacha vijibonde viwili pembeni, na ulimi ukiingia kunabaki tundu jeusi dogo ambalo kila mtu ataliona. Tafuteni msumeno wenye meno bapa juu. Anayetumia msumeno wa mkono naye asijione mnyonge. Mfereji wake ni mwembamba kuliko milimita 1, na ndimi za vibanzi vyembamba hivyo zina uzuri wake, kama mshono wa sindano.

Kisanduku chenyewe, kikiwa kimeshagundishwa na kukauka, hulazwa kwenye kitanda cha mbao chenye umbo la herufi V, kona ikitazama chini, kisha kitanda chote kinasukumwa juu ya msumeno. Msijaribu kukishika kwa mikono mitupu. Kisanduku kimesimama kwa kona yake, hakina pa kukaa, na msumeno hauna huruma.

Narudi nyuma kidogo, maana kona mbovu haiponywi na ulimi. Kisanduku kina kona nne, na kila kona ina mikato miwili, kwa hiyo ni mikato minane. Msumeno ukipotoka nusu digrii tu, ukifika kona ya mwisho umekusanya digrii 4, na hapo ndipo utakuta uwazi unaoingia ukucha. Basi jaribuni kwanza kwa mbao za taka, kata vipande vinne, vifungeni, tazameni kona ya mwisho. Na pande zinazotazamana ziwe na urefu uleule hasa. Pigilieni kizuizi kwenye meza ili vipande viwili vikatwe mahali pamoja, msitegemee penseli.

Kuna swali huwa naulizwa: mistari ya mti inawezaje kukutana kwenye kona zote nne? Ukikata pande nne mfululizo kutoka ubao mmoja, kona tatu zitakubali na ya nne itakataa, kwa sababu inakutanisha mwanzo wa ubao na mwisho wake. Dawa ni kuanza na ubao mnene, wa milimita 25, na kuupasua katikati ya unene wake kisha kuufungua kama kitabu. Nusu moja unakata upande mrefu kutoka kushoto na mfupi unaofuata. Nusu ya pili unaanza kulia: mrefu, kisha mfupi. Nyuso zilizokuwa ndani ya ubao zigeuke ziwe nje ya kisanduku. Kona zote nne zitakutana. Nilipofanikiwa mara ya kwanza nilikizungusha kisanduku mkononi kama mtoto, nikitafuta ile kona ya nne, sikuipata.

Gundi sisemi sana. Paka safu nyembamba kwenye mikato, subiri dakika chache mirija inywe, paka tena. Laza pande nne kifudifudi juu ya utepe wa kunata, zikunje, funga. Pima mishazari miwili ya kisanduku. Ikilingana, kona ni mraba. Vanishi ya ndani ipakwe kabla ya kukunja, mikato ikiwa imefunikwa. Na kitako kikiwa cha mbao halisi kisigundishwe, kikae huru kwenye mfereji wake, maana mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake hewa inapobadilika. Cha plaiwudi kigundisheni bila wasiwasi.

Mfuniko una mtego. Njia nzuri ni kujenga kisanduku kilichofungwa pande zote sita, kisha kuupasua mfuniko kwa msumeno, ili ulingane na mwili wake. Siku moja nilifanya hivyo bila kupanga, na msumeno ukapita katikati ya ulimi. Chini ulibaki mwingi, juu ukabaki uzi tu, ambao ulibanduka nilipopiga msasa. Tangu hapo nachora mstari wa mfuniko kwanza, kisha nagawa ndimi juu na chini yake. Katika kisanduku mlichonacho, ulimi mmoja uko mfunikoni, mbili mwilini, na hakuna uliojeruhiwa na msumeno.

Swali? Naam, dada pale nyuma. Rangi ya ulimi. Mti mweusi kama mpingo ndani ya mti mweupe unavutia, lakini ukipiga msasa, vumbi jeusi linaingia kwenye vinyweleo vya mti mweupe na kuuchafua. Kata ncha za ndimi kwa msumeno mdogo, zimalizie kwa patasi kali au randa ndogo, ukitoka kwenye kona kuelekea katikati ya upande. Ukielekea konani utang'oa nyuzi za ulimi na kuacha pengo. Msasa uje mwisho kabisa, kidogo. Msaji una mafuta yanayokataa gundi, basi ulimi wa msaji futa kwa asetoni kwanza, ugundishe mara tu unapokauka.

Kisanduku changu kimefika wapi? Mzee, wewe umekishika muda mrefu kuliko wote. Geuza kitako. Kona ya kushoto, ulimi wa chini kabisa, una ufa wa nywele. Huo niliukata kwenye ubao tofauti.