Imetajwa Mara Ngapi, na Imetajwa kwa Lipi?

Wenzangu, naanza na makala ambayo watu wengi wa maabara wameitumia bila kuisoma. Mwaka 1951, Oliver Lowry na wenzake watatu walichapisha katika Journal of Biological Chemistry njia ya kupima protini. Unachanganya sampuli na shaba penye alkali, unatia kitendanishi cha Folin, unasubiri, rangi ya buluu inajitokeza. Protini ikizidi, buluu inakolea. Makala hiyo imerejelewa, yaani kutajwa kama chanzo katika machapisho mengine, zaidi ya mara 300,000. Haikufichua chanzo cha ugonjwa wala haikuleta dawa. Iliwapa watafiti kipimo cha kazi ya kila siku, nao kila walipokitumia wakaitaja.

Sasa tuje kwenye kipimo cha h cha kumpima mtafiti kwa marejeleo, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: h ni idadi kubwa kabisa ya makala zake ambazo kila moja imerejelewa angalau mara hiyo hiyo. Tuseme mtafiti ana makala saba, zilizorejelewa mara 90, 40, 12, 7, 5, 3 na 1. Makala tano zimefikia angalau marejeleo matano kila moja, kwa hiyo h yake ni 5. Ile ya kwanza ikipanda kutoka 90 hadi 9,000, h inabaki 5 vilevile. Tena h haishuki: mtu akiacha utafiti leo, inaweza kuendelea kupanda. Na anayechunguza ugonjwa adimu, wenye watafiti wachache duniani, atarejelewa na nani?

Niliwahi kuketi katika kamati ya kupandisha vyeo. Likaletwa faili lenye orodha ndefu ya machapisho. Mjumbe mmoja akaruka kurasa zote hadi mahali palipoandikwa h, akaitazama, akalifunga. Iliniuma, na bado inaniuma. Kazi ya miaka ya mtu ilipimwa kwa muda wa kufunua karatasi.

Mkumbukeni mwanabiokemia Katalin Karikó. Mwaka 1995 alishushwa cheo chuoni kwake. Mwaka 2005, yeye na Drew Weissman walionyesha kwamba RNA (molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) iliyobadilishwa nyukleosidi zake, yaani vijenzi vyake, haiamshi kinga ya mwili kwa ukali ule wa awali. Wengi hawakuistukia makala hiyo ilipotoka. Baadaye chanjo za Uviko-19 za aina ya mRNA zikajengwa juu yake, na Nobel ikaja 2023. Namba za mwanzo zisingewaambia lolote kuhusu hayo.

Kinyume chake, makala ya 1998 katika The Lancet iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, kwa watoto 12 tu, ilibatilishwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Imerejelewa mara nyingi mno, na sehemu kubwa ya wanaoitaja wanaikosoa. Kikokotoo hakitofautishi, kwake lawama na sifa zote ni moja.

Kwa hiyo mimi hufungua makala inayorejelea, nikaitafuta sentensi yenyewe. Kama jina la mtafiti limebanwa utangulizini pamoja na mengine sita, nasonga mbele. Nikilikuta kwenye sehemu ya mbinu, “tulifuata utaratibu wa fulani,” hapo natulia na kusoma, maana kuna mtu aliyejenga jaribio lake juu ya kazi hiyo. Katika faili lile nilipata sentensi tatu za namna hiyo, zote zikihusu makala moja iliyorejelewa mara tisa tu. Niliwasomea wajumbe zote tatu kwa sauti kabla hatujapiga kura.