Jino Liking'oka Baharini: La Kufanya Kabla ya Kufika Pwani

Asalaam aleikum, karibuni. Tupo Deep Sea, Tanga, na mashua nyuma yetu zinapakia barafu. Leo tunashughulikia jambo moja zaidi ya mengine: mko nje, pwani haionekani vizuri, mwenzenu kapigwa mdomoni na jino limetoka zima. Pengine foromali, ile boriti inayobeba tanga, imegeuka ghafla, upondo wa kusukumia chombo umeteleza, au kamba ya kuwashia mashine imekatika na ngumi ikarudi usoni kwa mwenyewe. Jino hilo linaweza kurudishwa likashika tena. Ila saa yake inaanza kuhesabiwa palepale chomboni, haisubiri mfike hospitali ya Bombo.

Kinachookolewa ni nini? Mzizi wa jino umevikwa ngozi nyembamba sana yenye seli hai, na hizo ndizo zinazolishikiza jino kwenye mfupa. Zikikauka zinakufa. Jino likirudi tunduni ndani ya dakika 15 lina matumaini mazuri. Likikaa kavu zaidi ya dakika 60, seli karibu zote zimekwisha, na hata daktari akilirudisha, mzizi utaliwa polepole na mfupa miaka inayofuata. Sasa piga hesabu ya jua la saa saba na upepo wa kusi, halafu jino limewekwa juu ya ubao.

Tuanze na mtu, jino baadaye kidogo. Mketishe chini katikati ya chombo, kichwa kiiname mbele, damu itoke nje. Damu ikienda kooni itamtapisha, na mawimbi nayo yanasaidia. Muulize jina lake na mlikuwa mnaelekea wapi. Akijibu ovyo, au alizimia hata kidogo, au anatapika, usimrudishie jino mdomoni. Anaweza kulivuta na pumzi likaingia kwenye mapafu. Huyo mlaze ubavu, geuzeni chombo, na pigeni 112 mara tu simu ishike mtandao.

Akiwa timamu, mwingine atafute jino: sakafuni, kwenye nyavu, ndani ya maji ya ngama yaliyokusanyika chini ya chombo. Msikimbilie kukumba maji kabla halijaonekana. Ukiliona, tazama vidole vyangu: lishikwe kichwani, sehemu nyeupe inayotafunia. Mzizi usiguswe, usisuguliwe kwa kitambaa, usikwanguliwe kwa kisu hata ukiwa na utando wa samaki.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkono unakwenda wenyewe kulisuuza jino baharini. Usifanye hivyo. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji ya mwili yana kama gramu 9. Chumvi ya ziada inanyonya maji ya seli, kazi ileile inayofanya kwenye ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Suuza kwa maziwa, au kwa dripu ya maji ya chumvi inayouzwa duka la dawa, kwa sekunde chache tu. Hamna vyote viwili? Mwenye jino alilambe mwenyewe, mate yake hayana madhara.

Sasa kulirudisha. Ndiyo njia bora kuliko zote mkiwa mbali, na inatisha kwa macho kuliko kwa maumivu, kwa sababu dakika za mwanzo mara nyingi ufizi huwa na ganzi. Geuza jino sawasawa: upande wenye kibonde unatazama ulimi, upande uliobenuka unatazama mdomo wa nje. Lilinganishe na wenzake. Lisukume taratibu kwa kidole mpaka ncha yake iwe sawa na ya jirani. Likikataa, suuza tundu kwa dripu kutoa damu iliyoganda, jaribu tena mara moja. Likikataa tena, acha, maana huenda mfupa umevunjika. Likiingia, aume kitambaa safi kilichokunjwa, asiachie mpaka pwani. Daktari atalifunga kwenye meno ya jirani kwa wiki 2 hivi, na mara nyingi atasafisha mzizi ndani. Ataangalia pia chanjo ya pepopunda.

Mtoto mliyemchukua kwenye ngalawa yuko tofauti. Jino la utotoni halirudishwi kamwe, linaweza kuumiza la ukubwani linalokuja chini yake. Meno ya mbele ya ukubwani huota kati ya miaka 6 na 9, kwa hiyo ukiwa na shaka, liweke kwenye maziwa tu, daktari aamue.

Lisiporudi tunduni, libebwe likiwa limezama. Maziwa ya kawaida ndiyo ya kwanza, na yale ya boksi yanayodumu bila friji yanafaa sana kwa chombo: boksi la mililita 250 halichukui nafasi. Mtindi hapana, una asidi. Maziwa ya chai yenye sukari hapana. Chupa iwekwe kwenye kasha la barafu, lakini jino lenyewe lisigusane na barafu. Bila maziwa, mwenye jino ateme mate kwenye kikombe mpaka lifunikwe. Wengine husema liwekwe ndani ya shavu. Kwenye maji yaliyotulia sawa, ila chombo kikiruka mawimbi litamezwa. Na dafu? Ni afadhali kuliko kukauka, lakini nalo lina asidi kidogo, kwa hiyo likae nyuma ya maziwa.

Tundu likivuja damu, kunja shashi iwe nene, aume dakika 20 bila kuchungulia. Kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda, mnaanza upya.

Jino lililovunjika kipande: hifadhi kipande kwenye maziwa au maji safi, mara nyingi daktari hukibandika tena. Ncha kali funika kwa nta ili isikate ulimi. Gundi ya haraka ya kuungia plastiki isiingie mdomoni.

Maumivu ya jino bovu yaliyowaka usiku mkiwa kwenye dema (mitego ya samaki) au mishipi: mtu mzima ameze parasetamo 2 za miligramu 500, kila saa 6, zisizidi 8 kwa siku nzima. Soma paketi ya dawa nyingine uliyonayo, nyingi zina parasetamo ndani. Ibuprofen miligramu 400 inasaidia, baada ya kula; si kwa mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo au mimba, wala mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji. Tone moja la mafuta ya karafuu kwenye pamba, ndani ya tobo, linatuliza. Ukimimina, unaunguza ufizi. Aspirini ya kubana shavuni inaunguza vilevile, na petroli au maji ya betri ni sumu.

Ndoana ikinasa mdomoni, kata mshipi, usivute kurudi nyuma; ile ncha ya pembeni itachana nyama. Izungushie shashi isicheze, mrudi.

Dalili za kukatiza safari bila mjadala ni hizi: uvimbe unaoshuka shingoni au kupanda jichoni, mdomo haufunguki, mate hayamezeki, ulimi unasukumwa juu, homa. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa. Samaki wabaki.

Kabla ya kung'oa nanga, weka kwenye kopo lenye mfuniko: boksi la maziwa, dripu, shashi, glovu, parasetamo, kichupa cha karafuu, nta. Na kwa wanaobana chubwi, vile vizito vya mshipi, kwa meno na kukata nailoni hivyohivyo: chubwi nyingi ni za madini ya risasi, ni sumu, na meno ya mbele yana nyufa za kazi hiyo. Ongeza koleo humo koponi.

Mkifika kwa daktari, la kwanza kumwambia ni saa jino lilipotoka na lilikaa kavu dakika ngapi. Andikeni ubaoni kwa makaa kama hakuna kalamu.