Fedha ya Msimu: Kwa Nini Mashine za Alizeti Zinasimama

Waheshimiwa madiwani, ndugu zangu maofisa maendeleo ya jamii, na ninyi wenye mashine mliojipanga kule nyuma kana kwamba shughuli hii si yenu: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa kuzungumzia changamoto za wajasiriamali na viwanda vidogo vijijini. Orodha yake mnaijua wote: mtaji, elimu, masoko, miundombinu. Sitaisoma upya. Nitazungumzia kiwanda cha aina moja, kile cha kukamua alizeti, maana hapa Singida na kwa jirani zetu wa Dodoma ndicho tunachokiona kila siku barabarani. Na hoja yangu ni hii: kiwanda hiki hakifi kwa kukosa mashine. Kinakufa kwa kukosa fedha taslimu alizeti inapovunwa.

Mashine tumekuwa nazo muda mrefu. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kulea viwanda vidogo. Miaka ya 1980 mhandisi Carl Bielenberg alibuni kule Arusha mashine ya mkono, unavuta mpini mafuta yanatoka, na ikasambaa vijijini. Leo kuna za umeme kutoka China na India, na mafundi wetu wanachonga vipuri. Ukipita vijijini mwezi wa pili utaziona zimefunikwa turubai. Nzima kabisa, lakini hazina cha kukamua.

Sasa tuifuate kalenda. Alizeti inakauka shambani kuanzia mwezi wa tano, na kufikia wa saba au wa nane magunia yako uani kwa mkulima. Mkulima ana ada ya shule, ana deni la kulimiwa na trekta. Hawezi kusubiri. Anayefika kwanza na fedha mkononi ndiye anayeondoka na mzigo, na mara nyingi huyo ni mlanguzi aliyetumwa na mnunuzi mkubwa, anafunga lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, na kupakia lori. Mwenye mashine wa kijijini anayaona magunia yakipita mbele ya mlango wake. Akinunua kidogo alichoweza, anakamua wiki chache, anafunga. Ili aendelee kukamua hadi Januari ilimpasa anunue shehena ya nusu mwaka kwa mkupuo. Nani mwenye fedha hiyo kijijini?

Benki inazo. Ila benki inauliza dhamana, na mtu wa kijijini anatoa hati ya hakimiliki ya kimila, ile iliyowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Kisheria ni dhamana halali. Mezani kwa ofisa mikopo ni habari nyingine, maana shamba la kijijini halipigwi mnada kirahisi. Basi anayehitaji fedha leo anakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa riba kubwa, na naona huko nyuma mnacheka, mnawajua.

Wengi wameokoka kwa njia moja, kukamulia watu. Mkulima analeta magunia yake, anaondoka na mafuta, mwenye mashine anachukua ujira au anabaki na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Mimi naiheshimu sana biashara hii. Haihitaji mtaji wa kununua, na mashudu yana soko, yanakwenda mpaka Kenya kulisha mifugo. Lakini mafuta si yake. Hawezi kuyafungasha kwa jina lake, hawezi kuingia mkataba na shule au duka la mjini. Atabaki fundi wa kukamua mpaka azeeke.

Kuna mambo mengine nitayapita haraka. Umeme umefika, na kuunganishiwa kwa shilingi 27,000 ni jambo la kushukuru. Lakini bei hiyo ni ya umeme wa njia moja, wa taa na redio. Mota ya kukamulia inataka njia tatu, na laini ya njia tatu haipo kila kitongoji, kwa hiyo dizeli inaendelea kunguruma chini ya nguzo ya umeme. Viwango navyo: mwenye barua ya SIDO hupata nafuu ya ada za TBS, Shirika la Viwango, na bado wapo wasiojua. Tatizo kubwa zaidi ni jengo la kukubalika, kichujio, chupa za kuagiza Dar es Salaam, na kirutubisho cha vitamini A ambacho kanuni zinataka kiwemo. Yote hayo yanataka mauzo ya mwaka mzima. Kiwanda cha wiki chache hakiwezi kuyagharamia.

Na juu ya yote hayo kuna Dodoma, namaanisha bungeni. Mafuta ya kula tunayotumia nchini, zaidi ya nusu yanatoka nje, hasa ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Ushuru wa mafuta hayo ndio unaopanga bei ya alizeti kijijini. Mwaka 2021 Serikali ilihimiza alizeti katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu, mbegu za ruzuku zikagawiwa, watu wakalima kwelikweli. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei, ushuru ukapunguzwa ili kumpa nafuu mlaji. Mavuno ya 2023 yakakuta bei imeanguka, na waliokuwa na alizeti stoo wakalia. Kisha ushuru ukapandishwa tena.

Simlaumu aliyetaka mafuta yashuke bei, hata mimi nanunua. Angalieni tarehe tu. Bajeti inasomwa katikati ya Juni na kuanza Julai Mosi, alizeti ikiwa uani. Mwenye mashine anatakiwa aamue kununua shehena ya miezi sita kabla hajajua mafuta ya nje yatatozwa kiasi gani. Mwenye busara ananunua kidogo. Halafu tunamwita mwoga.

Waheshimiwa, ushuru haumo mikononi mwenu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa vikundi, imo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisitishwa mwaka 2023, imerejea. Naomba kikundi cha kukamua kipewe fedha mwezi wa tano. Ikitoka mwezi wa kumi, alizeti imeshaondoka na fedha itaishia kwenye mashine nyingine ya kufunika turubai. Marejesho nayo yapangwe mafuta yanapouzwa, si mwezi unaofuata.

Na ghala la kijiji lisiwe la kuhifadhi viti vya mikutano. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 inaruhusu mzigo ulio ghalani uwe dhamana ya mkopo. Mwenye mashine akinunua magunia mia, akayaweka ghalani chini ya mwendesha ghala mwenye leseni, stakabadhi anayopewa inampatia fedha ya kununua mengine. Benki inayoogopa shamba haina sababu ya kuogopa magunia yaliyopimwa na kufungiwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipokee maswali, na kwa ridhaa yako Mheshimiwa, tuanze na wale wenye mashine kule nyuma, sisi maofisa tusubiri.