Usiku wa Kumenya Vitunguu

MISHI: Haya, asalaam aleikum, hamjambo nyote mnaotusikiliza, ulioko Kisauni, ulioko Likoni wangoja feri, ulioko Changamwe kwa foleni ya malori, karibuni sana. Mimi Mishi, niko na kaka Abu kama kawaida, na leo tunaongea mambo ya marafiki na sherehe zetu, manake mfunguo mosi umeingia na simu hazitulii.

ABU: Hazitulii wallahi. Ramadhani ikiisha tu kila wikendi kuna mtu anaoa, na sa hizi kila harusi ina grupu lake la WhatsApp, unaamka asubuhi ushatiwa hata hujaulizwa, jina la grupu "Kamati ya Harusi", na meseji ya kwanza si salamu, ni namba ya M-Pesa.

MISHI: Hapo hapo ndo nataka tuanzie. Mimi sina ugomvi na mchango, msinifahamu vibaya, mchango ni wetu toka jadi, hapa pwani hakuna mtu aliyewahi kuozesha peke yake. Lakini mama zetu mchango wao ulikuwa ni vitu na mikono, huyu kaleta mchele, yule kaleta mbuzi, jirani katoa sinia zake na sufuria kubwa, na asiye na kitu anakuja na kisu chake anakaa kwa mkeka anamenya vitunguu na hakuna anayemuuliza umeleta nini. Sasa M-Pesa imekuja 2007, na imetusaidia sana hilo siwezi kukataa, lakini pole pole tumefika pahala mtu akituma pesa anaona kashamaliza, anakuja siku ya shughuli kajipamba, anakula, anapiga picha, huyo kaenda.

ABU: Na kisu kashika nani?

MISHI: Kisu kashika mtu wa kulipwa. Na si kosa lake, anatafuta riziki yake, lakini rafiki wa bibi harusi yuko wapi usiku ule?

ABU: Sasa Mishi tuwe waadilifu pia. Kuna mtu yuko zamu ya usiku bandarini, kuna mwengine anafanya hoteli huko Diani, hapo avuke feri, apande matatu, na ruhusa kapewa ya siku moja tu. Huyo pesa ndo mkono wake.

MISHI: Aliye mbali simsemi, na aliye zamu simsemi. Nasema sisi. Sisi ambao tuko Majengo, Kuze, Kibokoni, ambao unaweza kutoka kwako na leso yako ukafika kabla chai haijapoa. Sisi ndo tumeacha kwenda, na mimi inaniuma manake ule usiku wa kuamkia shughuli ndo sherehe yenyewe kwa marafiki. Ile kesho yake ni ya wageni.

ABU: Hebu waeleze ile ya juzi, ya shoga yenu.

MISHI: Ah, ile. Shoga yetu mmoja alikuwa anaozwa, sasa tukakubaliana wenyewe, wale tuliosoma pamoja, hatutaki kusikia mambo ya keteringi, vitunguu ni vyetu. Basi baada ya Ishaa tukakutana uani kwao, mikeka imetandikwa, taa imefungwa kwa mwembe, gunia la vitunguu limemwagwa katikati, na mpishi yule mwanamume mtu mzima kakaa kwa kigoda anatuangalia tu. Na yule mpishi hacheki, kila baada ya muda anakuja anatia mkono kwa beseni, anatoa kipande anakiangalia, anasema hiki kinene, rudia. Manake vitunguu vya biriani lazima viwe vyembamba na viwe sawa, visipolingana vile vyembamba vitaungua kwa mafuta wakati vinene bado viko vibichi, na kikiungua kidogo tu kinatia uchungu rojo lote. Vikitoka kwa mafuta viwe rangi ya hudhurungi, vitandazwe kwa sinia vipoe viwe vikavu, ukivishika vinavunjika. Hapo ndo vinapondwa viingie kwa nyama na mtindi na nyanya na thomu na tangawizi, na wali upikwe kando utiwe zafarani, upaliwe makaa juu ya kifuniko.

ABU: Mimi hapo nishasikia njaa.

MISHI: Subiri. Sasa tumekaa, machozi yanatoka kila mtu, huwezi kujua nani analia vitunguu na nani analia mambo yake, na ndo mmoja wetu akaanza kusema. Ana mambo mazito nyumbani kwake kwa miezi, sitayasema hapa, ni yake. Na huyo mtu kwa grupu kila siku yuko, anatuma maua, anatuma "amina", anacheka na sisi, tulidhani yuko sawa. Akasema yote akiwa ameinamia kile kisu, hakumtazama mtu, na sisi tuliendelea kukata tu, hakuna aliyemkatiza, mama mmoja mtu mzima pale akamsogezea kikombe cha chai akamwambia kunywa mwanangu. Mpaka tunafika mwisho wa lile gunia tushajua nani atamchukulia watoto wake wikendi, nani atakwenda naye kwa wazee kuongea. Kwa simu angeandika? Hangeandika kamwe.

ABU: Hangeandika. Hilo nakuunga mkono. Na upande wetu wanaume ni vile vile, usiku ule ndo unafunga turubali, unabeba viti, unasukuma sufuria lile kubwa watu wanne, halafu mnakesha na mpishi mnaangalia moto, mzee wa kahawa anapita na dele lake, kahawa chungu na kashata, na mazungumzo ya pale huyapati kwengine. Bwana harusi mwenyewe anakuja anakaa na sisi kidogo, ana woga, anauliza wale walioowa maswali ambayo mchana hawezi kuyauliza. Kesho yake anavaa kanzu na joho anaenda kwa nikahi, tunamsindikiza msikitini, halwa na kahawa, imekwisha kwa muda mfupi tu. Lakini woga wake ulishatulizwa usiku.

MISHI: Unaona sasa. Na sisi wanawake kuna siku ya hina, bibi harusi anatiwa hina na piko mikono na miguu, hawezi kushika kitu masaa mengi, hata chakula alishwe, nani anamlisha? Rafiki zake. Kuna kutunga vikuba, asumini na mrehani na mkadi, nyumba nzima inanukia. Kuna kumtoa nje, bibi harusi akipambwa aonyeshwe kwa wageni. Na leso za sare, mnashuka Biashara Street mnagombana rangi mpaka mwenye duka anachoka na nyinyi, kisha mnasoma jina la leso kwa sauti mnaangalia kama haitamuudhi mkwe. Hizo zote ni kazi za marafiki na hazina pesa nyingi.

ABU: Sare hapo Mishi, ngoja kidogo. Zamani sare ilikuwa leso tu. Sasa naskia sare ni dira za kushonwa, tena ya usiku wa hina mbali, ya kumtoa nje mbali, na mwenye hana anajisikia vibaya hata kuja.

MISHI: Hiyo kweli ipo na mimi naipinga wazi wazi. Leso ni doti moja, kila mtu anaimudu ama anachangiwa kimya kimya, na kesho yake anaivaa nyumbani. Dira ya harusi moja unaifanyia nini? Kama mwenzenu atabaki nyumbani kwa sababu ya nguo, basi hiyo sare ivunjwe.

ABU: Na ile orodha?

MISHI: Ipi?

ABU: Ile ya grupu. Nambari moja fulani elfu mbili na alama ya tiki, nambari mbili fulani elfu tano na tiki, halafu mtu anaikopi anaongeza jina lake chini, na mwenye mia mbili anaangalia ile orodha ananyamaza. Siku ya pili anatoka kwa grupu usiku. Halafu watu wanasema ana maringo! Yule hana maringo, yule hana pesa. Wengine tunafanya kazi ya tuktuk, siku ya mvua hujaingiza kitu, unataka aandike nini pale?

MISHI: Na ni rafiki wa damu.

ABU: Ni rafiki wa damu, kakua na bwana harusi wakila mihogo pamoja toka utotoni. Kwa hivyo sisi katika kundi letu tumeamua, mchango unaenda kwa mtu mmoja, mweka hazina, anajua yeye peke yake nani katoa ngapi, na kwa grupu anaandika jumla tu. Jumla, basi. Na asiyekuwa nacho anamwambia yule mmoja, mimi mwezi huu sina lakini niko na usiku, na anapewa kazi ya usiku, na jina lake linasomwa pamoja na ya wengine wote. Tangu tufanye hivyo watu wamerudi kwa grupu.

MISHI: Hiyo ni nzuri sana, hiyo naiba naipeleka kwetu leo leo.

ABU: Chukua, ni bure. Na besdei je? Manake hizi za besdei ndo zimetujaa sasa.

MISHI: Besdei mimi nazipenda, na zetu ni rahisi. Tunaenda Mama Ngina jioni, jua likishuka, pale pametengenezwa vizuri tangu 2019, watoto wana pa kukimbilia, mnakaa mnaangalia meli zinaingia Kilindini, mnanunua mihogo ya kukaanga na pilipili ya ndimu, madafu, kachri, mtu kabeba keki ndogo. Kitu kimoja tu nakiomba jamani, yale maji.

ABU: (anacheka) Kumwagiwa maji!

MISHI: Mtu ana simu mfukoni, ana mtoto mkononi, mnammwagia ndoo kwa nyuma! Mwambieni kwanza atoe simu. Mtu akisema sitaki, asimwagiwe, hiyo ni siku yake. Zaidi ya hapo mwageni mnavyotaka, joto la Mombasa linaruhusu.

ABU: Mimi naona kitu kimoja kuhusu sherehe za marafiki, zinatupitisha milango ambayo peke yako hungepita. Sisi tuna rafiki yetu Mgiriama, kwao Kaloleni, kila Krismasi ni sisi tunapanda naye, tunapitia Mazeras mpaka kwao, mama yake anajua sisi hatuli kila kitu, kuku wanachinjwa na mmoja wetu, na wali wa nazi wake sijaona mwengine. Idd yeye anakuja kwetu asubuhi mapema kuliko hata ndugu zangu, watoto wanamgojea yeye kwa sababu mkono wake wa Idd, ile zawadi ya watoto, hausahauliki, halafu anawachukua Makadara kwenye pembea.

MISHI: Mashallah. Na hapo mimi nataka niseme la msiba pia, hata kama leo ni sherehe, manake ni watu wale wale. Wenzetu mnajua maiti hakai, mtu kafa asubuhi alasiri kazikwa, hakuna wakati wa kamati wala grupu. Pale ndo unaona nani alikuwa rafiki wa picha. Yule aliyezoea kuja kumenya vitunguu anajua sinia ziko wapi, anajua nyumba ina maji ama haina, anajua mama mwenye nyumba ana sukari asipewe chai tamu, anaingia jikoni moja kwa moja hakuna haja ya kumuelekeza. Huyo alijifunza ile nyumba kwenye furaha.

ABU: Subhanallah, kweli kabisa, hilo sikuwa nimelitazama hivyo.

MISHI: Ndo manake nasisitiza mtu aende. Hata kama hujui kukata vitunguu, utapewa viazi.

ABU: Haya, tuna meseji hapa ya msikilizaji, anauliza, yeye kahamia Mombasa juzi kwa kazi, anakaa Bamburi, hana marafiki bado, afanyeje, manake wikendi anakaa ndani peke yake anasikia tu ngoma za wenzake.

MISHI: Karibu sana Mombasa, ndugu yangu. Wewe anza na jirani. Ukisikia nyumba ya pili wana shughuli, usingoje kadi, nenda siku moja kabla, jioni, mwambie mama wa pale, mimi ni jirani yenu nimekuja kama kuna kazi. Hutafukuzwa. Kama wewe ni mwanamume nenda pale wanapofunga turubali, shika kamba. Mpaka usiku washajua jina lako.

ABU: Na asubuhi ukipita nunua mahamri na mbaazi pale pale kwa mama mmoja, kila siku, usibadilishe badilishe. Wale wanaokaa kwa benchi lile ndo watakuwa watu wako.

MISHI: Sawa kabisa. Na wewe Abu, Ijumaa ijayo ya binamu yangu, umeskia? Baada ya Ishaa, uani.

ABU: Nishaskia. Mimi na jamaa tunakuja na turubali letu, la kukodi lile mara ya mwisho lilikuwa linavuja. Visu mnavyo?

MISHI: Visu vipo, ubao wa kukatia ndo hautoshi, lete wako. Haya jamani, tumewaaga, wiki ijayo inshallah saa hizi hizi.

ABU: Inshallah. Maasalaam.