Mtoto wa 31: hesabu za kituo cha kulea watoto

Mhadhara kwa wakurugenzi wa vituo vya kulea watoto, Busia, Uganda

Hamjambo akina mama, na nyinyi akina baba wachache mliojibanza pale mlangoni. Sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie biashara. Mafunzo ya malezi wengi wenu mmeshayapata: michezo, usafi, namna ya kumtuliza mtoto anayelia siku ya kwanza. Wengine mna vyeti vya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Huko sitaingia, mnakujua kunishinda. Nina swali moja tu: mtoto mmoja anakugharimu shilingi ngapi kwa mwezi? Ada anayolipa naijua, imeandikwa ukutani kwako. Nauliza anachokugharimu.

Naona mnatazamana.

Ukimuuliza mwenye kituo hapa mpakani na Kenya ada yake aliipangaje, mara nyingi atakwambia: nilimuuliza jirani anatoza ngapi, nikapunguza elfu tano. Na jirani naye alimuuliza jirani yake. Basi mtaa mzima unatoza bei ambayo hakuna aliyewahi kuipigia hesabu.

Na kwetu hilo ni zito, kwa sababu hakuna wa kutuokoa. UPE, yaani elimu ya msingi ya bure iliyoanza 1997, inaanzia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya 2008 iliacha elimu ya awali mikononi mwa watu na mashirika binafsi. Sera ya 2007 ilitutambua kwa aina nne: vituo vya kutwa, vituo vya nyumbani, vituo vya jamii na shule za chekechea. Kutambuliwa ni jambo jema, lakini hakulipi pango. Pengo likitokea kwenye daftari lako, litazibwa na ada ya mzazi au na mfuko wako.

Tuchukue kituo cha mfano. Nitaandika ubaoni, nanyi andikeni. Watoto 30, ada elfu themanini kwa mwezi. Wote wakilipa, na tuwe wakarimu tuseme wote wamelipa, inaingia 2,400,000. Sasa zinazotoka. Pango 500,000. Walezi watatu, kila mmoja 250,000, ni 750,000. Mpishi 180,000. Mchango wa mwajiri kwa NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, asilimia 10 ya mishahara hiyo, 93,000. Usinikunjie uso, mama: tangu marekebisho ya sheria ya 2022, mwajiri yeyote anawajibika, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Chakula: uji wa asubuhi, posho (yaani ugali) na maharage mchana, tunda kidogo. Tukisema 1,200 kwa mtoto kwa siku, siku 22, watoto 30, inafika 792,000. Maji, umeme na mkaa 150,000. Sabuni, karatasi za chooni, dawa ya kusafishia sakafu, 80,000.

Jumlisheni. Nani amepata? Ndiyo, 2,545,000. Kituo kimejaa, wazazi wote wamelipa, na bado una hasara ya 145,000. Wewe mwenyewe hujajilipa hata senti. Ukijiwekea mshahara wa laki nne, mtoto mmoja anakugharimu 98,000 na kitu. Unamtoza 80,000.

Najua mnavyoziba. Duka la mume, kuku, yale mahindi yaliyovunwa kijijini. Mwaka mzima shamba linakilisha kituo, halafu tunajiuliza kwa nini shamba haliendelei.

Mtu wa kwanza atasema dawa ni kuongeza watoto. Ni kweli, ila kwa hesabu. Mtoto akiongezeka, pango halipandi, mpishi ni yule yule. Kinachoongezeka ni chakula, 26,400 kwa mwezi. Kwa hiyo kila mtoto mpya anakuachia 53,600. Inapendeza. Lakini tuseme umejiwekea kanuni kwamba mlezi mmoja haangalii zaidi ya watoto kumi. Mtoto wa 31 anabisha hodi. Ukimpokea, unahitaji mlezi wa nne, ambaye pamoja na NSSF yake ni 275,000. Gawanyeni 275,000 kwa 53,600. Inazidi tano kidogo. Maana yake mtoto wa 31 hadi wa 35 wanakutia hasara, na unaanza kupumua kwa wa 36.

Wengi wetu hapo tunafanya moja kati ya mawili. Tunamwajiri mlezi siku ile ile, tukaumia. Au hatumwajiri, tukawarundika watoto 13 kwa mlezi mmoja, na siku mtoto akianguka kwenye ngazi hakuna aliyekuwa anamtazama. Kuna njia ya tatu, na haina gharama: daftari la wanaosubiri. Andika jina la mzazi, namba ya simu, umri wa mtoto, tarehe. Wakifika sita, ajiri mlezi, wapokee pamoja. Na mzazi akiambiwa kuna foleni, niamini, hatakusumbua tena kuhusu ile elfu tano ya jirani.

Hapa niongeze la watoto wachanga, maana nimelikuta karibu kila kituo. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi. Muuza nguo pale sokoni hata hizo hana. Kwa hiyo mtoto anakuja kwako akiwa na miezi miwili, mitatu. Na sisi tunamtoza nusu ada! Kwa nini? Eti hali posho, maziwa anakuja nayo. Sasa tazama. Mlezi mmoja akishika watoto kumi wakubwa, kila mmoja anabeba 27,500 ya mshahara wake. Wachanga anaweza kushika wanne, na hapo amechoka. Kila mchanga anabeba 68,750. Tofauti ni 41,250. Umeokoa chakula cha 26,400, umepoteza 41,250. Mchanga ni ghali kuliko mkubwa hata kama hajala kijiko kimoja, na unamtoza nusu.

Mama yule, nimekusikia: wazazi hawana pesa. Wengine hawana, kweli. Lakini mfanyabiashara wa mpakani anapata pesa kila siku, na sisi tunamdai kwa muhula kana kwamba ni mfanyakazi wa serikali. Mwache alipe kwa wiki, Jumatatu asubuhi, kabla wiki haijaanza. Alipe kwa simu, kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kituo. Ikiingia kwenye simu yako binafsi, jioni itakuwa imenunua sukari na hakuna atakayekumbuka. Akilipa kwa pesa ya Kenya, andika kwenye risiti umepokea ngapi na kwa bei gani ya siku hiyo. Magomvi mengi ya ada hapa Busia yanaanzia hapo.

Na kalenda. Sijui nani alituambia kituo cha kutwa kifunge kama shule. Soko halina likizo, malori hayana likizo. Unafunga mihula ikiisha, mwenye nyumba anaendelea kuhesabu, na mzazi anampeleka mtoto kwa shangazi. Muhula ukifunguliwa, shangazi ameshazoeleka. Kama una chekechea yenye madarasa, sawa, madarasa yapumzike. Upande wa kutwa uendelee.

Wazazi wanaochelewa kuchukua watoto. (Kicheko.) Nilijua mtacheka. Wengi mmeweka faini. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, waliwahi kulifuatilia jambo hili katika vituo vya mjini Haifa, Israeli, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Vituo vilipoanza kutoza faini ndogo, wanaochelewa waliongezeka. Faini ilipoondolewa, hawakurudi walivyokuwa. Zamani mzazi alimwonea aibu mwalimu. Sasa analipa, hana deni na mtu. Kwa maoni yangu, faini ndogo ni mbaya kuliko kutokuwa na faini. Mama aliyekwama kwenye foleni ya forodha hajakutukana. Weka saa ya ziada kama huduma, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, kwa bei inayomlipa mlezi atakayebaki na kuacha kitu kwa kituo. Anayeihitaji ajiandikishe mapema. Na mlezi alipwe hiyo saa, jamani. Anaacha watoto wake nyumbani akakaa na wa mwenzake.

Karatasi nitazipitia haraka kwa sababu zimebandikwa pale ukutani: jina la biashara kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, leseni ya biashara, idhini ya ofisi ya elimu ya wilaya, mikataba ya walezi kwa maandishi. Nisimame kwenye moja tu. Picha za watoto mnazorusha WhatsApp na Facebook kutafuta wateja: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwanza. Ongezeni mstari mmoja kwenye fomu ya kujiandikisha, mzazi atie sahihi.

Akiba. Shule zilifungwa Machi 2020. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba, mengine yakafuata kidogo kidogo, lakini watoto wadogo walisubiri mpaka tarehe 10 Januari 2022. Mnakumbuka viti vilivyouzwa, mnakumbuka walimu waliogeuka wauza chapati. Akiba ya karibu miaka miwili hakuna anayeweza kuiweka. Ila akiba ya pango la miezi mitatu inawezekana, na ndiyo inayokupa muda wa kuongea na mwenye nyumba kabla hajabadilisha kufuli.

Na kama unakopa badala ya kuweka akiba, soma riba kwa mwaka. Serikali mwaka 2024 iliwawekea wakopeshaji binafsi kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Inasikika ndogo. Zidisha kwa 12: asilimia 33.6. Mkopo wa namna hiyo kununua bembea ni bembea ghali sana. Kwa akina mama kuna mradi wa GROW, wa Benki ya Dunia na Wizara ya Jinsia, ambao mikopo yake inapitia mabenki kwa asilimia 10 kwa mwaka. Lakini benki itataka kuona daftari, na daftari la wengi wetu liko kichwani.

Ndiyo maana tulisema kila mtu aje na lake. Chai iko nyuma, dakika kumi na tano. Waliokuja na daftari wakae meza hizi za mbele. Wasiokuja nalo wachukue karatasi kwa dada pale, waandike matumizi ya mwezi uliopita kadiri wanavyokumbuka. Tutaanza na chakula, kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotelea, halafu kila mmoja atafute mtoto wake wa 31 ni wa ngapi.